Mota Namba Tatu

Jumanne, 12 Agosti 2025

Ukungu wa hapa Njombe haukuondoka mpaka saa nne. Nimeshinda maabara, ile ile niliyofundishia fizikia miaka ishirini na sita. Sasa naingia kama mgeni anayekaribishwa chai.

Mashindano ya droni ya shule ni Jumamosi ya wiki ijayo, Makambako. Remmy ndiye rubani wetu. Hulda wa kidato cha tatu ndiye fundi. Leo kalehemu mota zote nne peke yake! Kila mota ina nyaya tatu, zote nyeusi. Ukibadilishana mbili tu, mota inazunguka kinyume. Kwa hiyo kabla ya kufunga mapanga yanayoinua droni unagusisha ukanda wa karatasi kwenye mota inayozunguka na kuangalia unasukumwa upande gani. (Namweleza nani? Haya nayajua.)

Kaandika kwenye daftari la kazi: “Mota 3. Nimelehemu. Nimehakiki, inazunguka sawa. H.” Daftari ni wazo langu. Kila anayegusa droni anaandika, na kilichoandikwa hakifutwi. Hakukumbushwa. Nilifurahi.

Wakaenda kunywa uji. Nikabaki. Nikaona risasi ya kulehemia kwenye mota namba tatu imepauka, ina chembechembe. Ungio la namna hiyo huachia likitikiswa. Ningemngoja nimwonyeshe. Badala yake nikashika chuma cha kulehemu mimi. Nyaya mbili zikachomoka, nikazirudisha. Zikang'aa vizuri. Nikasikia viatu vyao kwenye kokoto, nikaweka chuma mahali pake.

Sikuandika. Kanuni ya nne ya mashindano: mtu mzima akigusa chombo, timu inatolewa. Lakini hiyo si kazi — ni kusafisha tu.

Alhamisi, 14 Agosti

Siku mbaya.

Tulisimamisha mageti ya kupitisha droni uwanjani, ya mianzi kutoka shamba la Alois. Alikuja mwenyewe kuhakikisha hatukukata ile anayogemea pombe. “Mwanzi mmoja ni lita ngapi za ulanzi, Mwalimu? Hesabu hiyo nayo wafundishe.” Watoto wakacheka. Mimi pia.

Remmy akahesabu tatu, mbili, moja. Droni ikainuka kiganja kimoja, ikapinduka, ikajibwaga kwenye geti. Panga likamchana Remmy juu ya kifundo cha mguu. Si sana, lakini damu ilitoka. Kamera anayoonea njia imevunjika.

“Hulda, ulilehemu au ulishona?” — Remmy huyo, anachechemea. Wakacheka tena.

Mwalimu Jasmine, msimamizi wa klabu, akafungua mapanga, akapima kwa karatasi. Mota namba tatu inazunguka kinyume.

Nilijua kabla karatasi haijageuka. Nilizirudisha nyaya kinyume. Sikupima. Mimi!

Jasmine akachukua daftari. Akamwambia Hulda: umeandika umehakiki. Nimehakiki, madam. Ulihakiki kwa macho au kwa kichwa? Hulda akaangalia viganja vyake. Remmy akadakia: “Kaandika tu, madam. Alikuwa anawahi uji.”

Hapo hakuna aliyecheka. Fundi kukosea ni kawaida. Fundi kuandika alichokuwa hajakifanya, huyo humrudishii chombo.

Nilikuwa hatua nne kutoka pale. Nilifungua mdomo. Nikasema: “Tutulie, makosa hutokea.”

Makosa hutokea! Kama mvua.

Ijumaa, 15 Agosti

Remmy kabadilisha nyaya mbili kwa dakika kumi. Kaandika daftarini. Droni inaruka kama mshale. Kamera tutaazima: Jasmine kampigia Dulla, nahodha wa timu moja ya Makambako. Wana ya akiba. Kijana kakubali, ila kasema anataka tusije tukasema tulishindwa kwa sababu hatukuona njia.

Hulda si fundi tena. Atasafiri kubeba betri, tena ikiwa tu atasahihisha alichoandika. Jasmine si mkatili. Mimi ndiye niliyemfundisha ukali huo, alipokuwa mwanafunzi wangu, kwenye dawati la dirishani.

Nimekaa na hoja yangu. Nikisema, kanuni ya nne inatutoa, na watoto saba waliojiandaa tangu Aprili wanabaki nyumbani. Hoja nzuri. Nimeigeuza kila upande. Kila upande unanikinga mimi.

Jumapili, 17 Agosti

Hulda huimba sauti ya kwanza kwaya ya vijana. Leo kakaa nyuma na wamama.

Baada ya ibada akanifuata nje.

“Shikamoo, Babu.” Watoto wote wa klabu huniita hivyo.

“Marahaba, mjukuu wangu.”

Akauliza: mtu anaweza kukumbuka kitu ambacho hakukifanya? “Naiona ile karatasi, Babu. Ilienda kulia. Naiona kabisa! Lakini mota ilikuwa kinyume. Sasa nilikuwa naangalia nini?”

Nikamjibu. Mungu anisamehe, nikamweleza. Kwamba kumbukumbu si picha. Kwamba mtu akirudia tendo mara nyingi, akili huchanganya ya leo na ya jana, na mota zilikuwa nne. Nikamtolea na mfano wa funguo. Robo saa nzima, nimesimama juani na Biblia kwapani.

Alisikiliza kwa makini, kama anavyosikiliza siku zote. Akasema, “Asante, Babu. Sasa nimeelewa.”

Jumanne, 19 Agosti

Mke wangu kasema ninakula kama mtu mwenye kesi. Nikamwambia ni meno.

“Meno yapi? Yamebaki mangapi ya kukusumbua?”

Nilitaka kumwambia. Akaingia jirani kuomba moto.

Alhamisi, 21 Agosti

Hulda kaandika. Kaniletea nione kama amefuata utaratibu. Hakufuta. Mstari wa zamani kauacha unasomeka, na chini yake: “Sahihisho: sikuhakiki mota 3. H.” Mwandiko mdogo kuliko wake wa kawaida.

“Hivi ni sawa, Babu?”

Nikasema utaratibu ni sawa.

Utaratibu!

Remmy alikuwa pale. Kampiga bega: “Yameisha, fundi.” Kijana hana ubaya. Mguu wake umeshapona. Hulda akatabasamu, akaendelea kufungasha betri. Baadaye, tukiwa wawili, akaniambia akifika kidato cha tano atachukua historia na Kiswahili. Mwezi uliopita alinisumbua siku tatu nimchoree mfumo wa mota, akasema atasoma uhandisi hata kama ni mbali wapi.

Nikauliza kwa nini.

“Kule nikikosea hakuna anayechanika mguu. Mikono yangu siiamini tena.”

Mikono yake ilifanya sawa. Karatasi ilienda kulia. Duniani tuko wangapi tunaojua hivyo? Mmoja. Na anaandika kwenye kijitabu chake badala ya kusema.

Jumamosi, 23 Agosti. Makambako, saa sita kasoro

Upepo wa hapa hauna adabu. Mageti yamefungwa kwa mawe na bado yanainama. Dulla alitupokea na kamera mkononi: “Njombe, hiyo ni droni au kifaranga? Mbona inatetemeka?” Hulda akamjibu, “Baridi yetu imekuja nayo.” Mara ya kwanza wiki hii namsikia akitania. Betri anazo ndani ya sweta, tumboni. Zikipoa hulegea, na hilo halikufundishwa na mtu. Kagundua mwenyewe mwezi Juni.

Tumeingia fainali! Remmy kapita mageti yote kumi na mawili. Jasmine analia na kucheka.

Kabla ya fainali majaji wanakagua madaftari. Sasa hivi jaji mmoja, bwana mpole mwenye kofia ya sufu, kapita kwenye hema letu kusema waliyapitia harakaharaka asubuhi. La kwetu lina mistari miwili inayopingana. Mmoja unasema amehakiki, mwingine hakuhakiki. Anataka H. mwenyewe aje aeleze, na daftari mkononi. Hakutaka kusikia kutoka kwa mwalimu. Kasema timu inayoandika uongo hairuki, ila atamsikiliza mtoto kwanza.

Hulda kauliza atasema nini. Jasmine kamwambia aseme ukweli. Hulda kaitikia kwa kichwa. Anakwenda kusema hakuhakiki.

Nikaomba daftari. Jasmine akanipa, akidhani nataka kusoma. Pembeni ya tarehe 12 kuna nafasi, vidole viwili hivi. Nimeandika kwa kalamu hii hii: “Mota 3. H. alihakiki. Baada yake nililehemu upya mimi, nikakosea nyaya. Sikuhakiki. Sikuandika.” Na jina langu lote.

Nikalifunga. Nikamrudishia Hulda. Na hapo sikusema kitu! Nilifikiri nikishaandika nitakuwa nimesema. Kalipokea kwa mikono miwili, kaliingiza ndani ya sweta pamoja na betri.

Wamemwita.

Anavuka uwanja. Remmy anampigia kelele: “Fundi, usiogope, sema tu yameisha!” Remmy tayari kavaa miwani ya kurushia, kaiinua kwenye paji la uso. Yuko tayari kuruka.

Naandika nimesimama. Jaji kaweka daftari mezani, kalamba kidole, anafunua. Upepo unamrudishia kurasa. Hulda kaweka kiganja kumsaidia kushikilia. Kageuka, kanitafuta, kaniona. Anadhani nimesimama kumtia moyo.

Jaji kaacha kufunua. Anasoma. Anazungusha daftari upande wa Hulda, anaweka kidole pembeni.

Hulda anainama kusoma —