Nguzo Nyekundu Ukutani

Jumanne, 22 Aprili

Niko dunguni, juu ya jukwaa la kulindia mpunga, tangu alfajiri. Kweleakwelea wametua upande wa mtoni kama moshi. Sauti imenikauka. Anji anapiga kopo upande wake, mimi wangu. Baba Anji kakaa chini anasokota kamba, anasema hawa ndege hatuwafukuzi, tunawapigia ngoma wale vizuri.

Mpunga umeanza kuinamisha vichwa. Huo unanipa raha. Asiyenipa raha ni Anji, binti yangu. Kafaulu kidato cha nne, tunangoja apangiwe cha tano. Yeye anataka chuo cha ufundi, mashine za shamba. Ati kombaini, matrekta, pampu. Mtoto wa kike. Nimemwambia tutaongea. Sijui nitaongea nini, mimi la saba sikulimaliza.

Alhamisi, 24 Aprili

Nimekuja mjini na Anji, baba yake kabaki na ndege. Mpunga wa mwaka jana uliobaki nimeutandaza uani kwetu Kibaoni, ukauke niukoboe.

Mchana mkutano ofisi ya kata. Kaja mtaalamu toka mkoani kutuambia wazazi kazi gani zitatafutwa huku kwetu miaka inayokuja, na kwa elimu ipi. Kijana mpole, shati limelowa jasho mgongoni. Kawasha mwanga ukutani, zikatokea nguzo za kuchorwa. Za darasa la saba, za kidato cha nne, za cheti cha ufundi, za diploma, za digrii. Kila elimu nguzo mbili, nyekundu na ya njano.

Ndiyo kwanza anaanza kueleza, mabati yakalia. Mvua. Nikatoka mbio kuanua mpunga. Si mimi tu. Kina mama karibu wote tulitoka, kila mtu anawaza turubai lake. Mtaalamu akabaki mdomo wazi na wanaume na watoto, Anji mmoja wao.

Niliporudi, mtaalamu kafika kwenye digrii. Nguzo nyekundu ndefu, inataka kugusa dari. Nyekundu ya ufundi fupi, kama kisiki.

Hapo nikaelewa. Kwenye uwanja wa kupuria, lundo kubwa ndilo mavuno. Basi Anji kidato cha tano, halafu chuo kikuu. Moyo umetulia. Njiani alitaka kusema kitu, nikamwambia usinieleze, nimeona kwa macho yangu.

Jumamosi, 26 Aprili

Jumuiya asubuhi. Baada ya sala Mama Fabi, jirani yangu, kaniuliza mkutano uliishia wapi. Naye alikimbilia mpunga wake, hakurudi. Nikawaeleza wote. Digrii, jamani, nguzo yake inafika darini. Ufundi tuuache. Wakatikisa vichwa. Mama Fabi kasema kesho anamtoa Fabi gereji arudi shule ya jioni. Nilijisikia mwalimu.

Kurudi, Deo kanipita na bodaboda, kanipigia honi. Mtoto wa dada yangu. Ana digrii yake. Sikutaka kumfikiria, lakini nimemfikiria mpaka nyumbani.

Jumapili, 27 Aprili

Tumerudi shambani. Anji kanieleza huku tumekaa dunguni, taratibu, kama anavyomsemesha bibi yake. Nyekundu ni watu wenye elimu hiyo. Njano ni kazi zinazowangoja. Kwenye digrii watu wamejaa hadi dari na njano iko chini. Kwenye ufundi watu wachache, njano imewapita mbali.

"Mama, ile uliyoiona ni lundo halijapepetwa."

Nimekasirika. Nikasema yule mtaalamu hajawahi kulima hata tuta moja. Nikapiga kopo mpaka likabonyea. Ndege wenyewe hawakuwepo.

Naona aibu. Jumuiya nzima nimeipotosha. Lakini aibu si kitu, naogopa. Mwenye digrii, hata akikosa kazi, halali chini ya trekta katikati ya wanaume asiowajua. Hilo nguzo haisemi.

Alhamisi, 8 Mei

Hatuligusi lile jambo. Tunaongea ndege, chumvi, mbu. Jioni Anji kanikanda miguu. Mtoto mzuri. Ningekuwa na uwezo ningemuweka mfukoni.

Jumatatu, 9 Juni

Majina ya kidato cha tano yametoka. Anji kapangiwa, shule ya mbali, masomo ya kusoma vitabu tu. Chuo cha ufundi Morogoro nacho kimemkubali. Vyote vinataka jibu. Baba Anji kasema yeye atatoa mpunga wa kumpeleka popote, ila hamtumi mtoto mahali ambapo mama yake hajaridhia. Kanipa hadi Jumapili. Yaani kanitwisha mimi. Sikulala vizuri.

Jumanne, 10 Juni

Mpunga umekauka, unaita. Kombaini ya kuvunia imefika. Mwaka huu upande wetu wote tumekubaliana mashine, vibarua wa mundu wamekwenda kwingine. Inaanza kwa Mama Fabi, halafu sisi. Anji kaifuata tangu asubuhi kama ndama na mama yake.

Saa sita imelia mlio mbaya, ikazima. Dereva kashuka, kaizunguka, kapiga tairi teke. Kaizunguka tena. Dereva anajua kuendesha. Kufungua hajui.

Jumatano, 11 Juni

Tunangoja fundi. Yuko mmoja, anatoka upande wa Mlimba, kuna mashine nyingine kaenda kuitazama huko. Simu yake inaita, anasema nakuja. Mashamba yote yanamngoja mtu mmoja. Upepo ukipita nasikia punje zinadondoka. Tumeingia na mundu, mimi na Anji na baba yake. Tukigeuka nyuma hata hapaonekani tulipopita.

Kuna jambo limenijia nikiwa nimeinama. Deo anangoja kazi miaka mingi sasa. Huyu fundi anangojwa yeye. Nikainuka na mundu mkononi, Anji akaniuliza kama nimekatwa. Nikasema mgongo.

Ijumaa, 13 Juni

Fundi kaja. Nilitegemea mzee. Kumbe kijana, macho mekundu, nguo zote oili. Kaniamkia shikamoo mama. Kaingia chini ya mashine. Anji kachuchumaa pembeni. Nilitaka kumwita aondoke. Sikumwita.

Baadaye nikamsikia fundi anamuuliza huku miguu tu inaonekana, "We dada, unaona nini hapo?" Anji kajibu mkanda umechanika kwa sababu lile gurudumu dogo limekaa upande. Fundi kasema la gurudumu umepatia, la mkanda hapana, tazama vizuri. Mkanda ulikuwa mzima, umechomoka tu. Anji kacheka kukosea. Hakuona haya hata kidogo. Mimi nikikosea nabonyeza makopo.

Jioni mashine imenguruma. Watu wamepiga vigelegele kama harusini. Fundi nimemkaribisha ugali na perege. Kala kama hajaona chakula tangu Mlimba. Nikamuuliza yangu.

Wanawake wapo kwenye ufundi huu?

"Wapo mama. Darasani kwetu alikuwepo mmoja. Sasa yuko Mbeya, simu yake ukiipiga inatumika muda wote."

Analala wapi akiitwa mbali?

"Anadai chumba kabla hajaja. Sisi wanaume tunalala kwenye turubai kwa sababu ya ujinga wetu."

Anakula wapi?

Kacheka mpaka kaweka tonge chini. "Mama, si hivi ninavyokula mimi? Mtu akitengenezewa mashine yake hawezi kukunyima ugali."

Nikauliza la mwisho, ndilo linaloniuma. Mwaka fulani tuliambiwa ufuta una soko. Bonde zima tukalima ufuta, ukatudodea mlangoni. Sasa na watoto wote wakipelekwa ufundi?

Hilo hakulicheka. Kasema hajui. Anajua mashine zinaongezeka kila msimu na yeye hapati Jumapili ya kwenda kwao. Ila akasema nisimpeleke asiyependa, wa hivyo wanakimbia wiki ya kwanza, mikono ikichubuka. Kamtazama Anji, alikuwa anaosha spana zake bila kutumwa. Kasema, "Huyu hakimbii."

Nimependa alivyosema hajui. Nimemuamini zaidi hapo.

Jumapili, 15 Juni

Kombaini imemaliza kwetu jana. Magunia yamesimama. Mavuno mazuri, Mungu ashukuriwe.

Nimemwambia Anji aende Morogoro. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, yakatoka hayo tu. Alikuwa anachota maji, ndoo ikamwagika. Kanikumbatia, nami nikalowa. Baba Anji kasema, "Mama Anji, si nilikupa hadi Jumapili jioni? Hii ni asubuhi." Mzaha wake huo. Alikuwa na furaha kuliko sisi.

Bado naogopa. Si kwamba hofu imekwisha. Imepungua uzito, naweza kutembea nayo.

Jumamosi, 21 Juni

Jumuiya. Nimesimama nikasema nguzo nilizisoma kichwa chini, nyekundu ni watu, njano ni kazi. Wamecheka sana. Mmoja kasema mtaalamu mwingine akija aje kiangazi. Nikamgeukia Mama Fabi, roho juu, Fabi je? Kasema nitulie, mtoto alikataa kutoka gereji siku ile ile, alimwambia, "Mama, nguzo gani hizo, mimi nina pikipiki za watu nimezifungua ziko chini."

Nimekunywa uji vikombe viwili.

Jumanne, 8 Julai

Kaondoka na gari la asubuhi. Nimemfungia mchele, dagaa, kanga mbili mpya. Ya kujifunga, na nyingine ya kufunga kichwani nywele zisinaswe na mashine. Kasema chuoni watampa kofia. Nikasema avae vyote viwili.

Sikulia mbele yake. Nimelia jikoni, nikaosha uso, nikapika maharage.

Jumamosi, 19 Julai

Anji kapiga simu jana. Wanajifunza kufunga na kufungua. Ovaroli lake kubwa, kakunja mikono mara tatu. Mkono umechubuka. Nikauliza unakula? Anakula. Nikauliza mkono unauma? Unauma kidogo. Sauti yake ilikuwa inacheka, basi nami nikaacha kuuliza.

Leo nimetandaza mpunga uani. Jua zuri, hakuna hata wingu. Baba Anji kalala barazani na redio kifuani. Nilikuwa nachambua maharage nikaona ndege wametua kwenye turubai. Wachache, wale wadogo wa nyumbani. Nikaita bila kufikiri, Anji, ndege.

Mama Fabi kajibu upande wa pili wa uzio, "Hayupo huyo. Anafungua injini."

Nikainuka nikawapungia kanga. Wakaruka, wakatua juu ya bati. Nimerudi kwenye maharage yangu.