Koili ya Nukta Tatu

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Jumamosi shemeji Benedicta anaolewa, na dereva wa bibi harusi ni mie! Mama mkwe kasema mwenyewe, mbele ya watu. Marselino kanuna. Huyu ni mwanyumba wangu, kamuoa dada wa Filomena wangu, na tangu tuingie ukoo ule tunashindana kama majogoo wa banda moja. Gari lake na langu aina moja, rangi moja. Ila langu lina redio nzuri.

Sasa leo mlima wa Goba umenidhalilisha. Gari linatetemeka, linakohoa, halivuti. Bodaboda iliyobeba godoro imenipita! Na abiria juu ya godoro kanipungia mkono.

Jumanne, 9 Septemba

Fundi Shomari kasikiliza kidogo tu. Linamisi, kasema, silinda moja haichomi — plagi, au koili inayoipa plagi umeme. Niliache gereji. Thubutu! Koili si zimekaa juu tu, kila silinda na yake? Nitapima mwenyewe. Kacheka sana, halafu kanielekeza: washa injini, chomoa waya wa koili moja moja. Ukichomoa injini ikayumba, hiyo nzima. Ukichomoa na injini isijali, umemshika mwizi.

Ya kwanza, ikayumba. Ya pili nimeing'oa yote injini ikiwaka — shoti! Nimeruka, kichwa kwenye boneti. Filomena kauliza dirishani nacheza singeli na nani. Ya tatu... kimya. Injini haina habari nayo!

Nimezitia alama zisichanganyike. Rangi ya kucha ya Filomena, ile ya zambarau inayometameta. Nukta moja, mbili, tatu, nne. Mwizi ni nukta tatu.

Jumatano, 10 Septemba

Shomari kwa simu: kuhakikisha, ihamishie silinda nyingine. Ugonjwa ukihama nayo, basi ndiyo hiyo. Mie nikaona bora ihamie kabisa gari zima, lenye afya. Na gari lenye afya likaja lenyewe — Marselino, kikao cha harusi. Huyu akishika ugali na dagaa hainui kichwa. Funguo zake mezani.

Nimetoka nazo kinyatinyati. Nukta tatu kwake, ya kwake kwangu. Nikawasha lake: likaanza kutetemeka kama lina homa! Nikawasha langu: laini, linanong'ona. Nimeshangilia peke yangu uani.

Ndiyo naokota spana nizirudishe, Marselino huyo anatoka mbio. Mkewe kapiga simu, mpishi wa keki kazira. Kaingia, kafungulia muziki hadi vioo vinalia, kaondoka. Na koili yangu.

Nimerudi ndani nikamalizia dagaa wake. Kiwalani kwake tambarare, hatashtuka.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimenunua koili nzima nikamwekee. Marselino hapokei simu.

Ijumaa, 12 Septemba

Balaa! Mama mkwe kapata habari za godoro. Filomena huyo, mdomo haukai! Mama kasema binti yake hapandishwi mlima na kikohozi. Kampa Marselino kazi. Nikasema Mama, langu limepona, wallahi, limepona kabisa. Kaniuliza limeponaje. Nikamuuliza habari za keki.

Roho inaniuma. Nimetengeneza gari na kazi nimenyang'anywa.

Jumamosi, 13 Septemba

Asubuhi nimewahi kwa Marselino na koili mfukoni. Boneti haifunguki! Maua, riboni, selotepu kutoka taa hadi taa. Na Mama mkwe kakaa kiti cha mbele analinda maua. Shikamoo Mama. Marahaba, mkwe — spana ya nini harusini? Nikasema nimeizoea tu.

Sasa naandika juu ya usukani maana nikitoka nitaulizwa. Tuko katikati ya mlima wa Goba. Gari la bibi harusi limekohoa mara mbili, limezima. Matarumbeta hawajui, wanapiga wanaenda. Benedicta analia, wanja unashuka. Langu liko nyuma yake, linanong'ona.

Mama mkwe kaja dirishani. Kasema mkwe, nilikukosea, mwanangu aende nawe. Mie! Filomena, kiti cha kando yangu, kanipiga busu la shavu. Bibi harusi anashuka, wanamkunjia gauni.

Ila Marselino kachana riboni zote. Kafungua boneti, kachomoachomoa, kainua koili juu. Anauliza watu kwa sauti: nani kanitia manukta kwenye injini?

Mama mkwe kaichukua. Anaigeuzageuza juani. Anasugua nukta kwa kidole, haitoki. Sasa anakuja huku nayo.

Na Filomena katoa mkono nje ya dirisha, anampungia mdogo wake aje haraka. Kucha zote tano, zambarau, zinametameta.