Mama Hataki Tena Kupimwa Kumbukumbu

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie maana hili nimeshindwa kumwambia mtu yeyote, mimi ni mhadhiri wa chuo kikuu, nachunguza jinsi akili za wazee zinavyotunza kumbukumbu, na mwaka huu idara yetu imeng'ara kwelikweli, mwenzangu mmoja amepewa uprofesa, mwingine nishani, na mimi nimepata tuzo ya utafiti bora, sasa mkuu wa idara anataka siku ya sherehe mama yangu apande jukwaani nimpime mbele ya wageni, yaani nimtajie maneno matano, tupige soga kidogo, kisha ayarudie, kwa kuwa ndiye mzee wa kwanza niliyempima na wakati ule hakukosa hata moja, na mama amefurahi mpaka ameshona gauni, ila kila nikienda kumwona huwa nampima kimyakimya, nachomeka maneno yangu katikati ya maongezi, na siku hizi anakumbuka moja au hakumbuki kabisa, kaka yangu anayeishi naye hajui lolote, na juzi nilipobisha hodi wifi akaniambia mama amelala, huku namsikia chumbani anabishana na redio, je, nimzuie asipande au nimwache tu?

Mhadhiri mwenye tuzo

Mwanangu, hongera, tuzo umeitolea jasho. Na pole, kwa sababu unaona mama anapungua na wewe ndiye unayeelewa maana yake.

Ila kwenye kumpima kimyakimya umeharibu. Wazee wa watu unawaomba ridhaa kwanza, mama yako mzazi unamvizia akiwa na kikombe cha chai mkononi? Halafu unashangaa anajifanya amelala ukifika. Mama ameshashtuka zamani. Anajua unachokitafuta, na anajua hana cha kukupa. Hilo linamuuma kuliko kusahau kwenyewe.

Jukwaani asipande. Mwambie mkuu wako leo kwamba mama hatapimwa, sababu si lazima umpe. Kisha keti na kaka yako na wifi yako, waeleze ulichokiona, mpelekeni hospitali aonwe na daktari asiye wewe wala jirani yako wa ofisini. Mama mwenyewe mwambie taratibu, bila kuzungukazunguka, na umwombe radhi. Gauni alivae, akae mstari wa mbele akuone mwanawe ukipokea tuzo.

Kesho nenda kwake kama mtoto. Akikusimulia kisa kilekile mara ya pili, cheka palepale ulipocheka mara ya kwanza.