Goti la Chuma na Mashine ya Mawese

Mujukuu wangu Neema,

Nakusalimia kutoka Baraka. Tuko wazima, na shangazi yako amevuna mihogo mizuri. Unaniuliza nani alinifundisha kutembea nikisha kufanyiwa operesheni ya goti. Mutoto, mi nilijifunza zamani, wakati wa vita, goti hili lilipoumia mara ya kwanza.

Tulikuwa tumekimbilia Kazimia. Bamama ba kule balikuwa banakamua mawese, banasukuma muti wa mashine na kuzunguka. Baliniambia, "Mama, ikaa, pumzika." Nilikataa. Nilishika muti, nikazunguka nao mpaka mafuta yakatoka. Nilijivuna kila mahali kwamba hawakuniacha nyuma hata siku moja!

Goti lilipopata nafuu ndipo niliona mwendo wao wa kweli: balikuwa banakimbia. Siku zote zile balipunguza mwendo juu yangu, na hakuna aliyesema neno. Leo fahari yangu ni bale bamama.

Sasa niko na goti la chuma, mwaka wa pili huu, na fimbo nimeitupa. Jumapili naenda kanisani na jirani yangu Mama Riziki, mwenye magoti mabaya. Anajivuna kwa watu eti hata na goti langu jipya simupiti.

We usimuambie.

Koko wako