Meka iliyogongwa nyundo

Alhamisi. Mvua imekatika saa nne na soko letu hapa Makomeno ni tope tupu. Nina hasira, na sehemu kubwa ni juu yangu mwenyewe.

Tangu vita vianze na malori ya mahindi kutoka Kasomeno yawe ya kuhesabu, kila wiki mimi, mwandishi wa habari, naingiza bei ya unga katika programu ya simu. Shirika moja la misaada linaisoma ili kuamua nani apewe unga. Mwanzoni programu ilikubali kilo tu. Niliwaandikia mafundi wake kule Kinshasa kwamba watu wa hapa hawanunui unga kwa kilo. Wananunua kwa meka, lile kopo la bati. Wakaiongeza: meka moja, kilo mbili na nusu. Nilijisifu.

Jana shirika lilisimamisha unga wa wakimbizi wanaolala katika ukumbi wa parokia. Sababu: bei haijapanda.

Mama Solange, anayewapikia, amenikuta sokoni akiwa na meka yake ya zamani. "Weye njo uliandika bei? Basi angalia." Akanunua meka moja kwa Mama Kapinga, muuza unga, akaimimina ndani ya yake. Unga ulipita nusu kidogo tu.

Kitako cha kopo la muuzaji kilikuwa kimegongwa kwa nyundo hadi kikaingia ndani.

"Papa journaliste, bei iko ile ile," Mama Kapinga akasema, bila aibu. "Meka njo inakonda, sawa na weye. Nikipandisha bei, bantu banakimbia."

Wanawake wakacheka. Wote walijua. Mimi, miaka ishirini katika kazi hii, nilikuwa nasoma bei kwenye kipande cha katoni na sikuwahi kushika kopo.

Nimempigia fundi. Ameuliza, kwa upole, aandike meka ni kilo ngapi sasa. Kila meza ina nyundo yake.

Shirika nalo halirudi nyuma kwa maneno. Linataka namba, meza kwa meza.

Nimeazima mizani kwa muuza misumari. Kesho saa kumi na mbili asubuhi nitakuwa sokoni, nipime kila kopo, kisha niandike namba hizo na pia kwamba kosa lilikuwa langu.

Unga wa ukumbini unatosha hadi Jumamosi.