Mlango wa Osmund Uko Chini ya Kitanda Changu

Mshangano,
Songea.
12 Novemba 2024

Mpendwa mume wangu Pankrasi,

Tumsifu Yesu Kristo. Pokea salamu za bibi yako uliyemwacha ukaenda kulioa Kanisa. Hujambo huko seminari? Kifua kimepona? Mimi mzima, ila magoti yananisema kila mvua ikinyesha, na mwaka huu imewahi.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Kumbe babu yako mdogo Osmund amekupigia simu kunishtaki. Nawe unaniandikia kuwa Mungu alijua yote kabla ya kuumba dunia, kwa hiyo nimsamehe na kumrudishia mlango wake. Ndicho mnachofundishwa huko? Basi leo utafundishwa na wa darasa la nne.

Sikia kwanza, maana hakukueleza yote. Hapa kwetu mtu hawashi moto shambani kabla hajafyeka mpaka na kuwaita majirani wasimame na matawi mabichi. Oktoba Osmund hakufyeka wala hakuita. Nilimwambia, "Shemeji, angalia upepo huu." Akanijibu, "Nyie wanawake mnaogopa hata moshi." Akawasha. Moto ukavuka, ukala kibanda changu, na ndani yake mbao za mninga alizopasua marehemu babu yako Yohanes. Nusu zilikuwa jeneza lake. Nusu aliniwekea za jeneza langu, tulale kwenye mti mmoja. Miaka kumi na moja nimezipaka oili chafu zisiliwe na mchwa. Nilikuta majivu.

Kwenye sala ya jumuiya Osmund akasimama, kofia mkononi. Nikadhani ataomba radhi. Akasema, "Shemeji, Mungu alijua tangu mwanzo kuwa zitaungua. Nani ampinge?" Na watu wakaitikia amina, wajinga wale.

Mume wangu, kujua si kusukuma. Mimi nilijua kila babu yako akienda kwenye pombe ya kangala atarudi akiimba, na kiatu kimoja. Ni mimi niliyekuwa namnywesha? Yesu alijua mezani kuwa Yuda atamuuza, akampa tonge, lakini miguu iliyotoka nje ilikuwa ya Yuda. Kiberiti kilikuwa cha Osmund.

Basi alipokwenda Tunduru kwa binti yake, nikamchukua fundi Rupert tukaenda kung'oa mlango wake wa mbele. Unaujua: mbao zake alipewa na babu yako, za mti uleule. Aurelia mkewe hakunizuia. Ndiye aliyemshikia fundi bisibisi, akasema, "Chukua, dada, nimechoka na domo lake."

Osmund aliporudi alikuja mbio. "Shemeji, mlango wangu uko wapi?" Nikamwambia, "Mungu alijua tangu mwanzo kuwa utang'oka. Nani ampinge?" Sasa ametundika turubai mlangoni. Nikipita nalisikia likipigwa na upepo, roho yangu inatulia. Sikufichi, inatulia.

Usidhani namsingizia Mungu. Nimeungama kwa padre: nimeng'oa mimi, kwa akili yangu, na nilifurahi. Akaniambia nirudishe kwanza. Nikamwambia bado. Tangu hapo sikomuniki. Jumapili wenzangu wakienda kupokea, mimi nabaki kwenye benchi peke yangu na magoti yangu. Inauma. Hiyo nayo nimeichagua mimi.

Nataka kitu kimoja tu. Osmund asimame jumuiya palepale aseme, "Niliwasha mimi." Maneno mawili. Siku hiyohiyo mlango utarudi, na bisibisi nitashika mimi. Asiposema, Jumamosi ya kuingia Majilio, tarehe 30, Rupert anaukata. Jeneza zima hautoshi, amepima, unatosha kifuniko. Kinanitosha, maana ndicho kitakachokuwa usoni pangu.

Wewe mpigie simu, kama alivyokupigia. Usimwambie habari za kuumba dunia. Mwambie tarehe.

Mama yako Renatha na shangazi Lidwina wanakusalimu. Nisalimie mwenzako Eusebi. Mungu akulinde, akuzidishie akili hadi uwapite walimu wako. Yeye anajua kama Osmund atafungua mdomo kabla ya siku hiyo. Mimi hajaniambia, na msumeno umeshanolewa.

Nikupendaye hata nikikugombeza,
Bibi yako Ludovika