Nilichobakiza Ndani ya Ordinatere Yako

Yaya Musafiri, kaka yangu mukubwa,

Nimefungua ordinatere yako, ile kompyuta ya michezo. Nimeosha mikono na sabuni, nikarudia na ndimu, harufu ya panya ingali hapa.

Unakumbuka, mbele homa haijakulaza, ulisema imezeeka, muchezo wa mupira unakwamakwama, utaiongezea nguvu mvua ikikatika. Hukuwahi. Mimi dada yako Mwamini, uliyenifundisha kushika turnevisi, hii bisibisi, mbele sijajua kusonga bugali, nikaona nimalize hiyo kazi. Vijana wa mutaa wanapita kila siku. Wanaangalia sebule uliyokuwa unawachezesha, ilivyofungwa.

Nilisema vilivyoharibika vitatupwa. Mama alikataa. "Usitupe kitu ya mutoto wangu, hata musumari." Basi nikaitoa barazani, nikafungua ubavu wake yeye akiona.

Panya walizaa mule. Vitoto vyekundu, havina hata manyoya, vimelala juu ya nyuzi zilizotafunwa. Boksi inayogawa umeme ilikuwa imelowa mukojo mpaka imeota kutu. Mende walitoka kwenye feni wakanipanda mukono. Mama aliinama, akanusa, akaziba pua na kikwembe alichojifunga. Kisha akasema, "Ile tupa. Ile si yeye."

Ndipo tukaanza kuchagua. Boksi ya umeme na feni nikazitupa shimoni. Ubongo wake, ile purosesa, iko muzima, nikaubakiza. Memori nikaibakiza pia, nitaiongezea ingine. Disiki inakoroma kama mutu wa pumu. Nitahamisha michezo yako yote, halafu ipumzike.

Nikatafuta ile kadi ya picha, inayochora muchezo kwenye kioo, uliyotoka nayo Bukavu umeifunga kifuani na shuka. Haikuwepo. Pahali pake palikuwa na kipande cha katoni, kimekunjwa vizuri ili tundu lisionekane.

Wakati wa kilio ordinatere ilifungiwa chumbani mwako, na mutu mumoja tu alilala humo: Selemani, mutoto wa baba mudogo. Yeye aliyelia kuwapita wote. Yeye aliyemushika Mama mabega tulipokutoa nyumbani.

Nilipanda pikipiki mpaka kwake Wamaza. Nilimukuta anacheza kwenye mashine yake, sahani ya samaki kwenye magoti, vidole vinang'aa mafuta ya ngazi, mawese. Nikamuuliza kadi ya Musafiri iko wapi. Hakuinua hata macho. "Mufu hana kazi na mashine," akasema, akaendelea kucheza.

Nimeona matope ya kila namna kwetu, Yaya, lakini kama ya mudomo ule sijawahi kuona. Muke wake ndiye alizima mashine. Akamuwekea turnevisi mukononi. "Toa kitu ya watu. Mimi silali na hii haya." Selemani akaitoa, na alama za vidole vyake vya samaki juu yake.

Njia nzima ya kurudi nilitaka kuitupa chini, magari ya muchanga yapite juu. Sikutaka kitu alichokishika kiingie tena ndani ya chako. Nyumbani niliipangusa na alkoli, nikaipangusa tena, hata pasipokuwa na uchafu. Nikaijaribu. Iko muzima. Nikaiweka, kwa sababu kadi yenyewe haikuiba kitu.

Nilinunua boksi ingine ya umeme na feni, na jana alasiri tuliwasha. Timu yako ilikuwepo, na majina uliyowapa wachezaji, musimu umefika katikati. Mama alisogeza kiti. "Hawa ndio watu wake?" Nikasema ndio. "Basi waongoze." Nikafungwa mabao, mengi, vijana wakacheka mulangoni. Mama naye akacheka kidogo.

Selemani alifika leo akitoka sala ya Ijumaa, mukono mbele, tabasamu, kama vile hakuna kitu. Akauliza kama atacheza. Nilimupa chai, maana Mama alikuwa ananiangalia. Kiti sikumupa. Alipoondoka nilikwenda kuosha mukono niliomusalimia nao, na chai yangu ilinishinda kumaliza.

Lala salama, Yaya. Mungu akupanulie kaburi. Musimu wako nitaumalizia, na majina yale sitayabadilisha. Na siku nitakayomusalimia Selemani bila kwenda kuosha mukono, utakuwa wa kwanza kuambiwa. Hiyo siku bado.

Dada yako,
Mwamini